Nani Kalikwangua Gamba la Machimboni?

Benchi letu liko mbele ya mkahawa wa Virtudes, na ukikaa hapo machimbo ya jasi unayaona yote. Yamefungwa miaka kumi na moja, lakini vumbi lake bado tunalikohoa. Miaka minne iliyopita alikuja mtaalamu, Noelia, akainyunyizia ardhi ile maji yenye vijidudu hai. Vikaota gamba jembamba linaloshika vumbi, na mwaka huu limekomaa, likawa jeusi. Alituomba jambo moja tu, tusilikanyage. Sasa tumemaliza sikukuu ya Watakatifu Wote, na katikati ya gamba kuna kipande kimekwanguliwa, cheupe pee.

— Mbuzi hao, alisema Kengele, mpiga kengele wa kanisa. Kikulacho ki nguoni mwako.

— Mbuzi na nguo wapi na wapi? alifoka Jasi, mchimbaji mstaafu. Pale pana pembe nne, zimenyooka! Ni kampuni, wanataka kuchimba tena.

— Hatua tatu kwa mbili? aliuliza Kengele. Watachimba kisima?

— Haya, sema wewe.

— Basi si mbuzi, kuna kitu kilitua kutoka juu. Msicheke! Mbwa wangu alibweka mpaka sauti ikamkauka.

Tulicheka. Noelia, aliyekaa nasi, hakucheka. Kahawa yake ilikuwa imepoa.

Ndipo akaja Eufrasia, mjane wa Amador. Mwamba ulimwangukia Amador machimboni, na hawakuweza kumtoa.

— Nasikia mnamtafuta mtu. Ni mimi.

— Shemeji! Jasi aliruka.

— Wenzangu wote wamesugua makaburi ya watu wao kwa sikukuu. La mume wangu lilijaa uchafu mweusi, nami niliache? Nimelisugua kwa brashi na siki, nikaweka maua, upepo ukayachukua.

Niliona haya kwa kile kicheko chetu.

— Mama, alisema Noelia polepole, ule si uchafu. Ni ardhi inapona. Ukiisugua, inaanza upya.

Eufrasia aliyageukia machimbo.

— Inapona hata pale alipolala Amador?

— Hata pale.

— Basi sitaigusa tena. Lakini niambie, mwanangu. Kaburi lisiposafishwa, Amador atajuaje kwamba bado namkumbuka?

Noelia alimsogezea nafasi kwenye benchi. Jasi alivua kofia. Kengele aliinuka, akaenda kanisani kumpigia Amador kengele.