Mwinjilisti Aliyeandika Tasnifu Mbili

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, fundi cherehani kwa kazi, na familia imenipa jukumu la kusoma historia hii kwa sababu wengine wamesema hawataweza, ingawa hata mimi siahidi. Kwenye karatasi mliyopewa mlangoni kuna neno Mchungaji mbele ya jina lake, limewekwa kwa nia njema, lakini naomba kila mwenye kalamu alikate, kwa kuwa kaka yangu amekufa akiwa mwinjilisti, na hakuwa mtu wa kujivika asichovishwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika zahanati ya misheni, akiwa mtoto wa pili kati ya wanne wa baba yetu, seremala, na mama yetu, aliyekuwa akifua vitambaa vya madhabahu. Nyumbani tulimwita Ajenda, maana tangu utotoni hakuweza kuanza jambo bila kuliandika, hata zamu za kuosha vyombo alizibandika ukutani, na mimi nikikwepa yangu aliosha yeye, halafu akaandika kwamba nimeosha mimi.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwetu kuanzia 1979 hadi 1985, sekondari 1986 hadi 1989, chuo cha Biblia 1993 hadi 1995, na tarehe 7 Januari 1996 akaajiriwa kuwa mwinjilisti katika kanisa hili, akapewa chumba nyuma ya stoo ya viti, akahubiri, akazika, akafundisha watoto, na baadaye akasoma masomo ya jioni hadi akapata shahada ya kwanza mwaka 2009. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na wifi yangu huyu, mwalimu wa chekechea, ambaye alichumbiwa kwa barua yenye vipengele vitano, akajibu cha tatu tu, ikawa amekubali, na Mungu akawajalia watoto wawili, wa kike na wa kiume.

Mwaka 2013, ikiwa imebaki miezi minne awekewe mikono kuwa mchungaji, na mimi nimeshampima kanzu, kanisa lilipitisha kanuni kwamba hawekewi mtu mikono bila shahada ya uzamili ya huduma ya Kikristo na uendeshaji wa kanisa, yaani mtu ajue kuchunga roho za watu na ajue pia kuendesha ofisi, kamati na wafanyakazi. Hakunung'unika, tarehe 1 Septemba 2014 akajiunga na chuo, akiwa na miaka arobaini na mitatu, akisafiri kila Jumatatu, siku yake pekee ya mapumziko.

Tasnifu yake ilihusu wagonjwa wa majumbani, namna ya kuwapangia waumini zamu za kuwatembelea ili asisahaulike hata mmoja, na hapo ndipo alipojikuta katikati ya wasimamizi wawili, mmoja wa theolojia, mwingine wa uendeshaji. Wa theolojia alimwambia huruma haipangwi kwa majedwali, ayatoe, wa uendeshaji akamwambia maombi si takwimu, ayatoe na aongeze majedwali, naye kaka yangu, aliyelelewa kutii wakubwa, alifanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa kanisa tu angelifanya, alimtii kila mmoja. Aliandika tasnifu mbili, ya jalada la bluu yenye maombi na ya jalada la kijani yenye majedwali, kila msimamizi akaipitisha yake kwa furaha, na tarehe 9 Mei 2018 karani wa chuo akazikuta zote kwenye faili moja. Mama, alipokuwa hai, alisema mshika mawili moja humponyoka, ila mwanawe yamemponyoka yote.

Chuo hakikumfukuza, haki yake nakipa, kilimwagiza aziunganishe, kisha wasimamizi wote wawili wakae pamoja nusu saa, wamsikilize, watie sahihi. Aliziunganisha kwa miezi saba, lakini nusu saa ile aliitafuta karibu miaka sita, huyu akipatikana yule yuko safarini, yule akirudi huyu ana semina, njoo Jumatatu ijayo, na Jumatatu zikaisha. Vijana aliowafundisha yeye wakawekewa mikono hapahapa, naye ndiye aliyewapangia wageni wao viti. Nilimwambia waziwazi aachane nao, wanamzungusha, akanijibu kwamba ni watu wenye shughuli nyingi, nikarudi kwenye cherehani yangu na hasira ambayo bado ninayo.

Mwezi Februari 2023 alianza kuvimba miguu, na tarehe 20 Machi hospitali ya rufaa ikathibitisha kwamba figo zake zimeshindwa, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki kwa miezi kumi na tisa. Zamu za kutembelea wagonjwa alizibandika mwenyewe kwenye ubao wa kanisa hadi alipolazwa, baada ya hapo hakuna aliyebandika nyingine, kwa hiyo jina lake halikuandikwa popote, na wodini tulibaki wifi, watoto na mimi. Sisemi haya kumwaibisha mtu, au labda nasema kwa ajili hiyo, mtanisamehe. Wiki mbili kabla hajafa alimtuma binti yake awaombe wasimamizi waje wamsikilize akiwa kitandani, na kila mmoja alijibu kwamba atakuja iwapo mwenzake atathibitisha. Alifariki Alhamisi tarehe 24 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, ambao hawakutudanganya hata siku moja, majirani waliofua shuka zake na kumteremsha ngazi kila asubuhi ya kliniki, na watumishi wenzake waliochimba na kujenga kaburi. Tunawashukuru pia wasimamizi wake wote wawili, ambao tangu saa tatu asubuhi wameketi benchi moja, la nne kutoka mbele, na sasa ni saa tano na nusu. Kaka, pumzika kwa amani, huna tena wa kumsubiri.