Okidi Isiyo na Majani

Sogezeni viti, wanangu, maana sauti yangu siku hizi haivuki kitanda, na ninayotaka kuyasema leo sitaki mje kusimuliwa na jirani. Wewe binti yangu, mzaliwa wangu wa kwanza, kaa huku kulia. Na wewe mkwe wangu, mjane wa mwanangu, usisimame mlangoni kama mgeni, njoo ukae huku kwa pili.

Nyumba hii ni ya binti yangu, hapo sina la kuongeza. Nazungumzia ule mlimau wa uani na okidi, ule mmea ulioshika gome lake. Najua, binti yangu, unataka kuukata mti ujenge vyumba vya kupangisha, na ulishaniambia, "Mama, ile ni mizizi mitupu." Ni kweli, haina jani hata moja. Mizizi yake ndiyo majani yake: ikinyeshewa inakuwa kijani, ikikauka inageuka rangi ya fedha, na jua linailisha humo humo. Asiyejua maana haambiwi maana, lakini wewe ni mwanangu, nitakuambia.

Marehemu baba yenu, na useremala wake, aliikuta kwenye tawi la mti aliokuwa anaupasua mbao, akaniletea kama mwenzake angeleta gauni. Mama yake akatucheka: "Mwanangu kaoa mwanamke wa kufuga mizizi." Yule mama hakunipenda, wanangu, na mimi sikumbembeleza, tulikula chungu kimoja kama watu waliokutana kwenye foleni. Nikalifunga lile tawi kwenye mlimau kwa kitambaa cha shuka kuukuu, bila udongo, maana ukiifukia inaoza. Nikawa naimwagia maji ya mvua asubuhi, nayo ikatambaa kwenye gome mwaka baada ya mwaka, bila ua. Watu wakaja kuomba mizizi wakapikie dawa ya mapenzi. Nikawaambia, anayetaka kupendwa akaoge na apunguze maneno.

Kisha mama mkwe akapofuka. Nikawa namtoa uani jioni, namkalisha, hatuzungumzi. Jioni moja akauliza, "Nani kajipaka manukato?" Nikamjibu, hakuna. Akageuza uso kuelekea mlimau, akasema, "Basi mizizi yako imechanua, mwanangu." Nikasogea, nikaona vimaua vyeupe, vidogo kama punje za mchele, vimejipanga mstari. Ndiyo kwanza aniite mwanangu. Nikamshika kidole nikamgusisha, taratibu, kimaua kimoja kimoja. Tangu hapo tulizungumza mpaka siku zake zilipokwisha, na aliyemfumba macho ni mimi.

Sasa sikilizeni. Okidi naiacha kwa mkwe wangu. Alipofariki mwanangu, watu walidhani huyu atarudi kwao. Yeye akaendelea kuja, anaimwagia maji, kisha ananiogesha mimi. Usinune, binti yangu. Wewe kazi ilikuweka mbali, silalamiki. Lakini mizizi ikishashika gome, kuibandua ni kuiua. Kwa hiyo mti usikatwe, na mlango wa uani, mkwe wangu awe na ufunguo wake. Vyumba jenga upande wa barabarani. Najua hampatani. Najua nani alimwambia nani nini siku ile ya msiba. Nimefanya makusudi. Mwenye nyumba na mwenye ua watakutana tu, hata kwa kununiana, na kununa nako huchosha.

Mkwe wangu, usiizibe kwa paa, inataka upepo. Usiimwagie maji jua likiwa kali. Wala usisugue gome ukidhani unasafisha: mbegu zake ni vumbi, hazioti mpaka zikutane na kuvu ya humo kwenye gome, na kuvu hiyo hamtaiona kwa macho. Akija mtu kununua, mwambie haiuzwi, umpe chai aende zake.

Mungu awatunze. Awape subira, awape watoto wenu usikivu, na msikose... msikose wa kuwafumba macho. Nimechoka. Hapana, maji baadaye. Nipeni mikono kwanza. Wewe, huu... na wewe, huo. Si kwangu. Shikaneni nyinyi. Wangu uwekeni juu... hivyo. Msiachiane bado. Hivyo hivyo...