Cheni Iliyotoka Mara Tatu

Jumanne, tarehe 9 Machi 1993, saa nne asubuhi, mpasua mbao mmoja aliingia katika karakana akiwa amebeba msumeno wa injini ambao cheni yake ilikuwa imechomoka. Alitarajia kumkuta mzee mwenye karakana. Badala yake alimkuta binti wa mzee, amevaa aproni yenye grisi, penseli ameichomeka kwenye nywele. "Keti, niitazame," binti akasema. Mpasua mbao akaketi. Huyo ndiye aliyekuja kuwa mume wake, na siku hiyo, ukiacha salamu, hakutoa neno.

Binti huyo, marehemu wetu, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968, katika nyumba ya vyumba viwili iliyo nyuma ya karakana hiyohiyo, mtoto wa kwanza kati ya wanne. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1982, akaendelea na sekondari hadi kidato cha pili, macho ya baba yake yalipoanza kufifia. Hapo akaacha shule na kushika spana. Hesabu alizipenda hadi mwisho, na wanawe hawakuwahi kumdanganya kuhusu kazi za shule.

Alitengeneza misumeno kwa karibu miaka arobaini. Cheni ikitoka, alikuwa na utaratibu ambao hakuuvunja kwa ajili ya yeyote: injini izimwe, ipoe, kifuniko kifunguliwe, meno yakaguliwe moja moja. Kisha aliirudisha cheni kwenye bapa lake la chuma, meno ya juu yakitazama mbele, akaikaza mpaka ikumbatie bapa lakini ivutike kwa mkono. Mteja aliyeleta msumeno wa moto na haraka zake aliambiwa akanywe maji kwanza.

Cheni ya yule mpasua mbao ilitoka tena baada ya wiki mbili, halafu mara ya tatu. Safari hiyo marehemu aliigeuza mashine kwenye mwanga, akaona nati zinazolishika bapa zina alama mpya za spana. Mume wake anakiri leo mbele yenu nyote kwamba alikuwa akizilegeza mwenyewe, maana hakujua njia nyingine ya kurudi pale. Marehemu alikasirika kwelikweli. Alimwuliza kama siku cheni ikimkata mguu atakuja kumsalimia kwa magongo. Alipotulia akasema, "Kaka, Jumamosi njoo mikono mitupu. Ukishindwa kusema, nitasema mimi."

Alikuja mikono mitupu, akakaa kutwa nzima, akashindwa. Marehemu akasema yeye.

Walifunga ndoa tarehe 22 Aprili 1995 na kujaliwa watoto watatu. Tangu hapo, kila mumewe aliporudi nyumbani mapema, swali lilikuwa moja: "Cheni imetoka tena?" Hata watoto walilijua kabla ya kujua cheni ni nini.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa wiki. Hospitalini alikwenda na tupa yake mkobani. Wauguzi walimletea mikasi yao ya nyumbani, naye akainoa akiwa ameketi kitandani, akiwagombeza kwa kuitumia kukatia waya. Alifariki Ijumaa, tarehe 17 Mei 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Ameacha mume, mabinti wawili, mwana mmoja, mjukuu mmoja, wadogo zake watatu, na karakana, ambayo binti yake mkubwa ataifungua Jumatatu. Mungu aipumzishe mikono yake kwa amani.

Asubuhi ya siku ile ya mwisho mume wake aliacha kazi katikati, akaenda wodini na vumbi la mbao mabegani. Marehemu alifumbua macho, akamtazama.

"Cheni imetoka tena?"

Mumewe akaitikia kwa kichwa.

"Basi keti," akasema, "niitazame."