Zizi Tumepata, Mrushaji Hatuna

Mgeni rasmi, Mzee Baldev Singh, mwenye karakana ya mbao hapa Stechford, Birmingham; wazee wa kanisa mliotuazima ukumbi; akina mama, akina baba na wachezaji wenzetu: hamjambo.

UKARIBISHO

Karibu sana, mzee wetu wa Nakuru. Utuwie radhi kwa baridi. Umeme ukikatika tena, mishumaa ipo na tutaendelea kusoma.

Tunaomba radhi pia kwa lililotokea mlangoni. Bethuel alikupa mkono wa kushoto, nasi tuliuona uso wako ulivyobadilika. Bethuel amelelewa vizuri huko Kisii. Sababu yake tutaieleza, maana ndiyo iliyofanya tukuite.

TULIKOTOKA

Sisi ni wauguzi kutoka Kenya, wanafunzi wa vyuo vya Selly Oak na vijana wa Unguja. Zamani kila Jumamosi tulikuwa tukifukuzwa kwenye viwanja vya mpira wa miguu. Pembe pekee iliyobaki wazi ilikuwa ya besiboli, mchezo ambao Waingereza wengi hawana habari nao, kwa hiyo hakuna aliyejisumbua kutufukuza. Ndivyo tulivyokuwa wachezaji wa besiboli. Mapenzi yalikuja baadaye.

MAFANIKIO

Mwaka jana, 1971, tulishika nafasi ya pili, nyuma ya wale wa Sutton Coldfield wenye sare zilizopigwa pasi. Karibu ushindi wote ulitoka kwenye bega la Bethuel, mrushaji wetu. Mrushaji ndiye anayemtupia mpira mpinzani mwenye gongo la kuupigia, tena kwa nguvu zake zote, mchezo mzima. Timu nyingine mtu wao akichoka, pembeni wapo warushaji wa akiba wanaopasha mkono moto, wanaingia. Sisi Bethuel akichoka, anaingia Bethuel.

HABARI YA ZIZI

Hapo pembeni wanapokaa warushaji wa akiba, Waingereza wameamua kupaita bulpeni, yaani zizi la mafahali. Na sisi tukawa na katibu, ndugu Mwinjuma, asiyetaka kuona neno la Kiingereza ndani ya risala. Mwaka jana akakuandikia: "Tunaomba zizi letu la mafahali liimarishwe kabla ya msimu."

Mzee, ukaliimarisha. Lori lilikuja na nguzo, mbao na lango lenye komeo. Ukasema kwenye simu, "Hapo fahali hatoki." Kweli hatoki, kwa sababu hayumo. Tuna zizi zuri kuliko yote Birmingham, na watu wanaopita na mbwa wao hutuuliza ng'ombe watakuja lini.

Mwinjuma mpaka leo anashikilia kuwa Kiswahili chake kilikuwa sanifu. Tumechoka kubishana naye. Tumechoka pia kukushukuru kwa barua za adabu huku tukikwepa kusema kwamba tulichokitaka ni warushaji wa akiba, na wewe kila ukitujibu unauliza kama tuongezewe misumari.

MATATIZO

Msimu uliopita Bethuel alirusha mpaka mechi ya mwisho. Tangu hapo mkono wake wa kulia haupandi kupita kifua. Anakula kwa kijiko, kwa kushoto, na anaona haya. Wodini wenzake humsaidia kugeuza wagonjwa, na metroni, mkuu wa wauguzi, ameanza kumtazama. Muuguzi asiyeweza kumwinua mgonjwa hana muda mrefu kazini.

Tulimwambia apumzike. Akauliza, "Sawa, lakini nani atarusha?" Akasema, "Basi wacheni, nitarusha tu." Mazoezi yanaanza mwezi wa tatu, naye atakuja, tunamjua. Atarusha, bega litakwisha kabisa, na kazi itakwenda nalo. Tunaogopa, mzee. Tena tunajionea aibu, kwa sababu tulifurahia ushindi wake bila kumuuliza anaumwa wapi.

OMBI

Lori lile la mbao liliendeshwa na mdogo wako, Kewal. Akiwa anashusha nguzo, mpira wetu ulimbingirikia miguuni kutoka upande wa pili wa uwanja. Akauokota, akaurudisha bila hata kuvua koti. Ulifika mkononi mwa Mwinjuma ukiwa bado unapaa, na Mwinjuma akakaa chini.

Tulimfuata. Akasema, "Mimi nilikuwa nacheza cricket Nakuru, bwana, mkono uko tu." Tukamwomba aje kumpokea Bethuel kila mechi inapofika katikati. Akacheka kidogo. "Saturday ni ya kazi ya yard. Ongeeni na kaka, mimi siwezi." Ndiyo maana tunaongea na kaka.

Mzee, hatuombi mbao. Hatuombi misumari. Zizi lote tutalibomoa na kulipakia wenyewe, lango na komeo lake. Lori lije, lichukue kila kitu, ila litakapoondoka aliendeshe mtu mwingine. Tuachie Kewal, Jumamosi mchana tu.

Mungu akupe afya, ailinde nyumba yako na aijaze karakana yako wateja. Ukitoka, Bethuel atakuwa pale mlangoni. Kwa leo, tafadhali, upokee mkono wake wa kushoto. Ukituitikia ombi hili, mwakani atakupa wa kulia.

Ni sisi wako,
Wachezaji wa Besiboli wa Afrika Mashariki, Stechford.
Imesomwa na Magdalene, muuguzi mwenzake Bethuel, kwa niaba ya wote.