Utepe Wenye Fundo

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe kifungua mimba wangu acha kunipangusa jasho kila dakika, kaa chini, maana leo nina neno na pumzi iliyobaki hainitoshi kulisema mara mbili.

Nyumba ni ya mama yenu mpaka atakapoamua mwenyewe, na kamera zangu tatu mtagawana bila kutoleana macho. Hayo ni madogo. Kubwa ni ile picha ya ufunguzi wa daraja, ambayo watu wa makumbusho ya bandari wanakuja kuichukua Alhamisi waitundike ukutani, na kifungua mimba wangu ameniomba ninyamaze tusije tukaumbuka. Mwanangu, nakupenda, lakini siwezi kuondoka na jambo hili kifuani.

Siku daraja linafunguliwa nilikuwa mpiga picha wa ofisi ya bandari, kijana wa kujidai, viatu vinang'aa. Nilimpiga picha mkuu wa bandari akikata utepe, nikampiga akinyooshea mkono zile nyaya nene zinazoshikilia daraja zima kutoka mnara hadi mnara, nikarudi chumba cha giza naimba, nikafungua kamera: tupu. Filamu niliisahau mezani, kando ya kikombe cha chai. Ningezungusha tu kile kishikio cha juu, ambacho filamu ikiwemo hukaza na isipokuwemo huzunguka bure, ningejua mapema. Nikajua unga wangu umemwagika, na mkuu mwenyewe alishapanda meli kwa safari ya miezi miwili.

Nikakimbilia kwa binti aliyeshona ule utepe, ambaye ndiye huyu mama yenu, nikamweleza yote, naye akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akavichukua vile vipande viwili vya utepe uliokatwa akavifunga fundo. Asubuhi yake tukaenda darajani. Waheshimiwa hawakuwepo, walikuwepo wavuta nyaya, wachomeleaji, wapaka rangi, na mama aliyewapikia miaka sita, watu kumi na mmoja kwa jumla, wanakusanya vifaa vyao waondoke. Nikawapigia magoti. Mama yenu akawavisha makoti ya wateja wake, na mkasi akapewa fundi wa nyaya, mwenye tumbo na masharubu kama ya mkuu, yule aliyepoteza vidole viwili akivuta waya wa upande wa mashariki. Kabla hajakata akaniuliza, "Bwana picha, leo filamu imo?" Wakaangua kicheko wote, na kicheko hicho ndicho kilichofanya picha ile ipendwe miaka hamsini.

Mkuu aliporudi aliitazama picha akipapasa masharubu yake, akasema, "Nimetoka vizuri." Basi vitabu vya historia ya mji vikaandika ni yeye. Itazameni wenyewe: utepe una fundo, na mkono ulioshika mkasi una vidole vitatu. Hakuna aliyewahi kuhesabu.

Watu wale kumi na mmoja walinisitiri mpaka wakaingia kaburini, na wajukuu zao wanapita darajani kila siku bila kujua kwamba waliolijenga ndio waliomo pichani. Hilo linaniuma. Nyuma ya picha nimeandika kwa penseli majina yao, kazi zao, na tarehe ya kweli. Kifungua mimba wangu, Alhamisi utayasoma wewe, kwa sauti, na wajukuu wa fundi wa nyaya wakae mstari wa mbele. Watu wakicheka, chekeni nao. Mimi nilicheka maisha mazima, na sijutii hata siku moja.

Mungu azisimamishe kazi za mikono yenu kama alivyolisimamisha daraja lile, na mkikosea, awape watu wa kurudi nanyi kesho yake.

Unacheka, mwanangu? Basi... basi nimeridhika. Mama yenu akae hapa, karibu yangu. Kitinda mimba, chukua ile kamera kuukuu, utupige wote. Zungusha kwanza kile kishikio... Kimekaza?

Kinazunguka bure? Haya. Filamu iko kwenye droo ya juu. Nenda kailete, mwanangu, taratibu tu... nitakusubiri.