Mkono Uliongoja Ruhusa ya Mama

Hapana, mheshimiwa mganga mkuu, kipaza sauti kaa nacho. Mtu anayenadi mitumba hapo getini kwenu, sauti ataikosaje? Haya. Mheshimiwa mganga mkuu, madaktari, wauguzi, ndugu wagonjwa mnaochungulia dirishani, na wewe dada yetu wa mazoezi ya viungo tunayekuaga leo: salamu ni hizo, kila mtu achukue yake.

Mimi shule niliiacha kabla haijaniacha, kwa hiyo nitasema nilichokiona.

Mama yangu, yule pale anayejifanya hanijui, aliwekewa goti la bandia hapa. Wenzake wakaanza kutembea, yeye hata shuka likimgusa analia. Picha ikapigwa: goti limekaa vizuri. Kaka yangu akasema, “Mama anadeka.” Kesho yake kageuka: “Basi wampasue tena!” Mama kusikia “tena”, akanishika mkono, hauachii.

Ndipo akaja dada huyu. Goti hakuligusa. Akauliza, “Mama, kabla ya goti, nini kingine kilikuwa kinakuuma?”

“Uliza kisichouma, mwanangu. Hata kuchana nywele ni kazi.”

Akatugeukia. “Mnakijua king'ora cha gari kinacholia hata paka akipita? Mwizi hayupo, lakini kelele ni za kweli. Mishipa yake ya fahamu iko hivyo tangu kabla ya kisu. Mkimpasua tena, mtaiongezea kelele. Nipeni muda.”

Akachukua pamba ya kumzoesha kuguswa, akaanza na mguu usiopasuliwa. “Mama, ukisema basi, naacha.” Mama yangu mjanja! Akasema “basi” pamba ikiwa bado hewani. Mkono ukarudi. Akamjaribu tena, ukarudi tena. Mwisho mama akacheka: “Wewe mtoto hukasiriki? Haya, gusa.”

Ndugu zangu, nani kati yetu alikuwa amemwomba mama ruhusa?

Siku nyingine goti bado linauma, siwadanganyi, hapa siuzi nguo. Lakini kidogo kidogo pamba ilifika gotini, na leo kaja kwa miguu yake, na kisu cha pili hakijui. Dada, kapumzike. Umetuachia mama.

Sasa ninyi vijana mnaobaki, tufanye biashara. Akija mama wa mtu anasema naumia, na picha inasema hana kitu, mwamini yeye kwanza. Atakayefanya hivyo aje getini, achague shati kabla sijafungua robota la mitumba na kulimwaga chini. Tumekubaliana?

Asanteni kwa masikio yenu.