Waridi la Bi Evlalia

Prodromos, fundi wa kompyuta wa ofisi, alidhani amepata kiti cha amani kwenye basi la Toumba, kumbe ameketi ubavuni mwa Bi Evlalia wa idara ya bima za magari.

"Ndiwe uliyezuia waridi langu?" akamvaa.

Kila asubuhi, kabla hajashuka kitandani, Bi Evlalia huweka picha ya waridi na kikombe cha kahawa, "Kalimera", yaani habari za asubuhi, imeandikwa kwa rangi ya dhahabu, kwenye folda ya ofisi nzima. Jana programu ya kukagua mafaili iliizuia.

"Si mimi, mama. Ni programu. Ile picha ilikuwa na kirusi."

"Waridi lina kirusi! Jamani!" Akawageukia abiria, ambao hakuna aliyewauliza lakini wote walikuwa na maoni.

"Likipita moja lenye ugonjwa, mama, ofisi nzima italazwa. Si uandike tu salamu kwa maneno?"

"Kwani mimi wakili?" Kisha akashusha sauti. "Sikia, mwanangu. Tangu mzee wangu atangulie, naishi peke yangu. Picha ikifika, watu wanajua nimeamka. Jana haikufika, Thrasos wa stoo akanipigia simu analia."

Prodromos alikuwa na jibu safi la kitaalamu.

Basi likasimama. Bi Evlalia akashuka akimtishia kwa mwavuli. "Kesho naweka jingine! Ukilizuia, uje mwenyewe ugonge mlango uone kama ningali hai!"

"Ghorofa ya ngapi, mama?" Prodromos akapaza sauti, milango ikijifunga.

Nje ya kioo, Bi Evlalia akainua vidole vitatu, kisha akaigiza mtu anayekunywa kahawa.